Harusi isiyo na ng'ombe

*Katika vijiji vya Bungoma na viunga vya Kitale, wasichana wenye ulemavu hutolewa kimyakimya kwa wanaume waliowazidi umri. Familia hukiita kitendo hicho msaada.*

Mashauri hufanyika jioni, watu wakisharudi kutoka vibarua. Wanaume watatu au wanne, kiti kimoja kizuri cha mgeni, chai ya maziwa. Msichana mwenyewe yuko jikoni, na ikiwa ni kiziwi hajui kwamba anazungumziwa yeye. Hakuna anayeuliza ng'ombe wangapi. Shangazi hakuitwa, nyanya hakuletewa blanketi, hakuna tarehe ya kanisani. Mgeni, aghalabu mgane au mtu mwenye mke tayari, anasema atamchukua na atamtunza. Alfajiri, kabla majirani hawajatoka kwenda kisimani, msichana anapandishwa bodaboda pamoja na mfuko wake wa nguo.

Hivyo ndivyo msichana mwenye ulemavu anavyoozwa mara nyingi, kuanzia vijiji vinavyozunguka soko la Chwele hadi mashamba ya mahindi ya Kiminini. Wanaofuatilia maslahi ya watoto katika kaunti za Bungoma na Trans Nzoia wanaufahamu utaratibu huu, ingawa ni nadra kuukuta kwenye jalada la polisi.

Kwa Wabukusu, binti huozwa na ukoo mzima. Kuna ziara za kujitambulisha, kuna wazee wa kujadili mifugo, kuna fungu la senge, yaani shangazi, na kuna fungu la khocha, ndugu wa mama ambaye bila yeye kikao hakikamiliki. Mila hiyo ina kero zake, na wapo wanawake wengi walioumizwa kwa sababu mume alijiona amenunua. Lakini kila aliyepokea fungu amebeba pia wajibu. Binti akipigwa, hao ndio huenda kuuliza. Msichana aliyetolewa bure hana ukoo wa kumwulizia.

Ndoa isiyohesabika

Kisheria, hapo hakuna ndoa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 iliweka umri wa chini kuwa miaka 18 kwa kila aina ya ndoa nchini Kenya: ya kanisani, ya msikitini, ya serikali na ya kimila. Anayemwoa mtoto anaweza kufungwa hadi miaka mitano, kutozwa faini ya hadi shilingi milioni moja, au vyote viwili. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 nayo inaitaja ndoa ya utotoni pamoja na ukeketaji miongoni mwa vitendo ambavyo ni kosa kumfanyia mtoto.

Sheria ya Makosa ya Ngono ya mwaka 2006 ni kali zaidi, na haijali kama mwanamume anamwita msichana mke. Kumnajisi mtoto wa miaka 12 hadi 15 ni kifungo kisichopungua miaka 20. Wa miaka 16 hadi 18, kisichopungua miaka 15. Julai 2024 Mahakama ya Juu ilitamka kwamba vifungo hivyo vya chini vinabaki kama Bunge lilivyoviandika, baada ya mahakama za chini kuanza kuvipunguza.

Kitaifa kuna habari njema. Utafiti wa hali ya watu na afya wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba asilimia 23 ya wanawake wa miaka 20 hadi 24 walikuwa wameolewa kabla ya kutimiza miaka 18. Katika utafiti wa 2022 idadi hiyo ilikuwa imeshuka hadi asilimia 13. Mimba za utotoni nazo zilishuka, japo hatua chache kaskazini mwa Kitale, katika Kaunti ya Pokot Magharibi, asilimia 36 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamewahi kushika mimba, ilhali kiwango cha taifa ni asilimia 15.

Nimezisoma takwimu hizo nikimtafuta msichana wa jikoni. Majedwali yanayonukuliwa kwenye mikutano humgawa mwanamke kwa makazi, kwa elimu na kwa kipato cha nyumba yao. Ulemavu una kitabu chake kando, na hicho nacho kina mashimo: sensa ya 2019 ilisema ni asilimia 2.2 tu ya Wakenya wenye umri wa miaka mitano na zaidi wanaoishi na ulemavu, wakati sensa ya 2009 ilikuwa imesema asilimia 3.5. Watu wenye ulemavu hawakupungua hivyo katika miaka kumi. Maswali yalibadilika, na nyumba zenye mtoto anayefichwa zilijibu kama zilivyozoea kujibu.

> Sensa ya 2009: asilimia 3.5. Sensa ya 2019: asilimia 2.2.

Ndiyo maana chifu anaweza kusema kwa moyo safi kwamba katika lokesheni yake ndoa za watoto zimekwisha. Anahesabu harusi.

"Nikifa, nani atamtunza?"

Swali hilo huulizwa na akina mama, na ni kosa kulipuuza. Mama wa mtoto mwenye mtindio wa ubongo au ulemavu wa akili hulala nalo miaka yote. Baba huenda aliondoka zamani, akimlaumu mkewe kwa damu ya ukoo wao. Ndugu wa kiume wanakua, wanaoa, na wake zao hawakuolewa ili kumwogesha wifi. Akija mtu mzima, mwenye nyumba ya mabati, akasema yuko tayari kumchukua binti jinsi alivyo, mama husikia jibu la swali lake. Wengi hushukuru kwa dhati. Baadhi hulia kwa furaha kwamba binti yao naye ameonekana ni mwanamke kama wengine.

Tukiwaita akina mama hawa wakatili tutakuwa tumekosea, na hawatatusikiliza tena.

Lakini tuangalie jinsi mgeni wa jioni ile anavyopatikana. Trans Nzoia ni ghala la mahindi la taifa, na ghala hilo hujazwa na vibarua. Kuanzia kupanda mwezi Machi, palizi ya Mei na Juni, hadi mavuno ya mwisho wa mwaka, mama anayeishi Kipsongo, Matisi au Mitume huondoka gizani na kurudi gizani. Mtoto asiyeweza kwenda shule hubaki nyumbani, amefungiwa kwa kufuli au ameachiwa jirani. Huko Bungoma zipo siku nyingine za hatari: kijiji kizima kinapokesha matangani na muziki wa disko matanga ukawa mkubwa kiasi kwamba hakuna atakayesikia kelele, na Agosti ya miaka inayogawika kwa mbili, msimu wa tohara, watu wanapotembea usiku kucha kutoka boma hadi boma.

Mwaka 2012 jarida la Lancet lilichapisha uchambuzi uliofanywa kwa kushirikiana na Shirika la Afya Duniani. Uligundua kwamba mtoto mwenye ulemavu yuko katika hatari ya kufanyiwa ukatili mara 3.7 kuliko mwenzake asiye na ulemavu, na kwamba kwa mtoto mwenye ulemavu wa akili hatari ya ukatili wa kingono ni mara 4.6. Tafiti zilizochambuliwa zilitoka nchi tajiri, zenye walimu wa kutosha, maafisa wa ustawi na milango inayofungika. Msomaji wa Sirisia au Endebess anaweza kupima mwenyewe hali ya kwao.

Kwa hiyo mara nyingi ndoa huja baada ya unajisi. Tumbo linaanza kuonekana, mama anauliza, msichana anaonyesha kwa kidole nyumba ya jirani. Kuanzia hapo njia ni mbili. Moja inakwenda kituo cha polisi. Nyingine inakwenda kwa mzee wa mtaa, na hapo ndipo mnajisi hugeuka kuwa mkwe.

Dawati lisilosikia

Vituo vikubwa vya polisi, vya Kitale na Bungoma vikiwemo, vina dawati la jinsia. Msichana akifika anaulizwa jina, umri, nani, lini, wapi. Maswali ni mepesi kwa anayesikia na kusema. Kwa kiziwi ambaye hakuwahi kupelekwa shule, hata mkalimani wa Lugha ya Ishara ya Kenya akipatikana kazi bado ni ngumu, maana msichana anatumia ishara za nyumbani kwao, ambazo pengine ni mama na dada tu wanaozielewa. Na ikiwa mama ndiye aliyepokea pesa za mnajisi, basi mkalimani pekee wa msichana ni mtu mwenye sababu ya kutafsiri vibaya.

Halafu kuna umri. Kesi ya unajisi husimama juu ya umri, na watoto wenye ulemavu mara nyingi hukosa cheti cha kuzaliwa, kwa sababu walizaliwa nyumbani au hakuna aliyeona haja ya kukitafuta. Familia ikisema ana miaka 19, mwili wake mdogo hautoshi kuwapinga. Hospitali inaweza kukadiria umri kwa kuangalia meno, lakini sharti mtu aombe, na mtu agharamie safari.

Sheria imejaribu kuziona shida hizi. Ibara ya 50 ya Katiba ya 2010 inaruhusu mahakama kumkubali mtu wa kati atakayemsaidia mlalamishi kuwasiliana. Sheria ya Makosa ya Ngono inamruhusu hakimu kutangaza kwamba shahidi ni wa kulindwa, atoe ushahidi nyuma ya pazia au faraghani, akiwa na mtu huyo wa kumsaidia. Kifungu cha 124 cha Sheria ya Ushahidi kinampa hakimu uwezo wa kumtia mshtakiwa hatiani kwa ushahidi wa mtoto aliyetendewa peke yake, mradi aandike kwa nini ameuamini. Haya yote ni mazuri. Yanaanza kufanya kazi msichana akishafika mahakamani.

Wengi hawafiki, kwa sababu kesi huishia kwa wazee. Hukubaliana mbuzi, gunia la mahindi, pesa ya hospitali, au ndoa. Kifungu cha 40 cha sheria ya 2006 kinasema wazi kwamba uamuzi wa kusimamisha uchunguzi au mashtaka ya kosa la ngono hauko mikononi mwa polisi wala familia. Ulikuwa wa Mwanasheria Mkuu, na chini ya Katiba mpya mashtaka ni kazi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Mzee wa kijiji anayepokea kuku wa upatanisho anaingilia mamlaka ambayo hata inspekta hana.

> Mzee wa kijiji anayepokea kuku wa upatanisho anaingilia mamlaka ambayo hata inspekta hana.

Magharibi ya Kenya inalijua somo hili. Mwaka 2013, katika kaunti jirani ya Busia, msichana aliyefahamika kwa jina la kubuniwa la Liz alibakwa na genge la vijana na kuachwa na jeraha la mgongo. Polisi waliwaamuru watuhumiwa wafyeke nyasi za kituo, kisha wakawaachilia. Zaidi ya watu milioni moja duniani walitia saini kudai haki, na Aprili 2015 wanaume watatu walifungwa miaka 15. Wanasheria hulitaja jambo hilo kama ushindi, na ni ushindi. Mimi hufikiria saini hizo milioni moja. Msichana wa Cheptais asiyeweza kutamka jina lake hana saini milioni moja za kumsukumia faili.

Upande wa pili wa haki

Kuna watetezi wa watu wenye ulemavu wanaozisikiliza kampeni za kupinga ndoa za utotoni kwa tahadhari, na wana hoja ya maana. Wanawake wenye ulemavu wamepigania kwa miaka mingi haki ya kupenda, kuolewa na kuzaa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008, unaitambua haki hiyo katika ibara ya 23, kwa hiari kamili ya wanaooana. Hofu yao ni kwamba kelele dhidi ya ndoa za utotoni zitageuka, mikononi mwa wakwe, mapasta na maafisa, kuwa ruhusa ya kumkatalia mwanamke wa miaka 25 anayetumia kiti cha magurudumu.

Hofu hiyo ina msingi. Wapo wazazi ambao, wakitaka kumlinda binti mwenye ulemavu wa akili, humpeleka kudungwa sindano ya kupanga uzazi bila kumweleza ni ya nini. Sindano hiyo haimzuii mwanamume yeyote. Inazuia tumbo, ambalo ndilo lingekuwa ushahidi pekee kwamba anaumizwa. Huo unaoitwa ulinzi unamnufaisha mnajisi.

Swali la idhini pia haliishi siku ya kutimiza miaka 18. Sheria ya Ndoa inasema idhini si ya hiari ikiwa anayeitoa ana hali ya akili inayomfanya asielewe maana ya ndoa anayofunga. Baadhi ya watetezi wanakikosoa kifungu hicho kwa kuwa kinaweza kutumiwa kuwafungia mlango watu wote wenye ulemavu wa akili, wengi wao wakiwa wanaelewa vizuri kabisa wakielezwa taratibu. Nakubaliana nao kwamba mtu mzima apewe msaada wa kuelewa kabla hajanyimwa chochote. Ila mjadala huo ni wa watu wazima. Kwa mtoto wa miaka 14 hauna nafasi, na anayeuleta hapo anaficha jambo.

Shule, pesa na shamba

Turudi kwa mama na swali lake, kwa sababu kampeni inayomwambia tu asimwoze binti imemwacha palepale alipokuwa.

Jibu la kwanza ni shule. Tangu mwaka 1984 Kenya ina vituo vya kutathmini mahitaji ya elimu ya watoto wenye ulemavu, na bila tathmini hiyo mtoto hupata shida kuwekwa shule inayomfaa. Shule zenyewe zipo lakini zimetawanyika: Nalondo, Bungoma, kwa wenye ulemavu wa viungo, St Francis, Kapenguria, kwa wasioona, Mumias, katika Kaunti ya Kakamega, kwa viziwi. Nyingi ni za bweni. Kwa msichana, bweni linamaanisha kwamba yuko mbali na jirani yule, chini ya macho ya walimu, na anajifunza ishara ambazo mgeni yeyote anayezijua anaweza kuzisoma. Linamaanisha pia karo, sare, nauli ya mara sita kwa mwaka, na godoro. Elimu inayoitwa ya bure haiyafikii hayo yote.

Mwaka 2020 shule zilipofungwa Machi kwa sababu ya korona, mabweni hayo yalifungwa pia. Watoto walirudi kwenye nyumba ambako hakuna aliyejua lugha yao. Madarasa yote yalifunguliwa Januari 2021. Mwongozo wa serikali wa mwaka huohuo wa 2020 unataka msichana aliyejifungua arudishwe shuleni, na mwalimu mkuu wa shule ya kawaida anaweza kuutekeleza kwa kiti kimoja zaidi darasani. Kwa msichana kiziwi mwenye mtoto mchanga, shule inayomfaa ni ya bweni, na mtoto wake hana mahali pa kulala huko.

Jibu la pili ni pesa. Mpango wa Inua Jamii huwapa watu wenye ulemavu mkubwa shilingi 2,000 kwa mwezi kupitia mlezi wao. Si haba: mama aliyewahi kuzipokea anaweza kuacha palizi siku mbili akabaki nyumbani. Lakini mpango unawalenga wanaohitaji uangalizi wa kudumu. Msichana kiziwi mwenye nguvu za kubeba maji, au yule mwenye ulemavu wa akili usioonekana haraka, hahesabiwi humo, na hao ndio wanaotafutwa zaidi kuozwa. Wanaweza kufua, kulima na kuzaa, na hawawezi kushtaki.

> Wanaweza kufua, kulima na kuzaa, na hawawezi kushtaki.

Mei 2025 Rais William Ruto alitia saini Sheria mpya ya Watu wenye Ulemavu, iliyochukua nafasi ya ile ya 2003. Mswada wake uliwasilishwa na Seneta Crystal Asige, ambaye mwenyewe ana ulemavu wa macho. Kazi ya kuishusha sheria hiyo hadi kaunti, hadi wadi, hadi bajeti ya mkalimani mmoja katika kituo cha polisi cha Webuye, ndiyo sasa ya kudaiwa kwa sauti kubwa na wawakilishi wa wadi wa pande zote mbili za mto Nzoia.

Jibu la tatu halitajwi sana, nalo ni shamba. Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika mwaka 1981, haitofautishi mtoto wa kiume na wa kike, aliyeolewa na asiyeolewa. Ardhi ya kilimo ya baadhi ya maeneo ya wafugaji, Pokot Magharibi ikiwemo, iliachwa chini ya mila. Ya Bungoma na Trans Nzoia haikuachwa. Msichana mwenye ulemavu ana fungu katika shamba la baba yake sawa na kaka zake. Akiozwa akiwa na miaka 15, kaka hao hugawana bila kumkumbuka.

Sisemi kila kaka anayekubali posa ya haraka anawaza mipaka ya shamba. Ila panapogawanywa ekari mbili kwa ndugu watano, kuondoka kwa mmoja si jambo dogo, na mzazi anayeuliza nani atamtunza binti yake amesimama juu ya sehemu ya jibu. Karibu na Kitale, kukodisha shamba la mahindi kwa msimu ni biashara ya kawaida. Nusu ekari yenye jina la binti, ikikodishwa kila mwaka chini ya usimamizi wa mlezi anayejulikana, humlisha na kumpa mtu sababu ya kukaa naye vizuri.

Baba akifa kabla ya kufanya hivyo, familia inayofungua kesi ya urithi hutakiwa kupeleka mahakamani barua ya chifu yenye orodha ya warithi wote. Huyo ni chifu yuleyule aliyesikia habari za bodaboda ya alfajiri. Jina la msichana linapaswa kuwa katika orodha hiyo, hata kama familia itamwambia chifu kwamba alishaolewa.